Miguu imevimba, nipe Lasix

Wiki hii huyu ni wa nne. Mama ameingia kwenye famasi yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akapandisha kikwembe kidogo anionyeshe vifundo. "Docta, ile amlodipini ya tansio imenijaza maji mu miguu. Unipe Lasix, ile ya kukojoza, yatoke."

Mama wangu, si maji ya kukojoa! Akaniangalia kama muuzaji anayeficha mali.

Nieleze mara moja, maana nimechoka. Amlodipini hushusha tansio, yaani presha ya damu, kwa kulegeza mishipa midogo inayoleta damu, lakini ile inayoirudisha moyoni hailegezi kiasi hicho. Chukueni njia ya sokoni kwetu: wanaoteremka wameongezeka, pa kutokea ni pale pale, watu wanamwagikia kwenye meza za pembeni. Ndivyo umajimaji unavyochuja nje ya mishipa, halafu unatulia kwenye vifundo kwa kuwa ndiko chini. Mwili haukuweka akiba ya maji. Sasa Lasix itatoa nini? Itatoa maji ya kwenye damu, unayoyahitaji, na potasiamu juu yake. Miguu inabaki karibu vile vile, usiku misuli inakaza, asubuhi mlima unakuzungusha kichwa. Baada ya wiki mbili unarudi kuniomba dawa ya misuli. Kinini (kidonge) cha nne kitakuwa cha tumbo.

Dawa ya miguu hiyo ni daktari apunguze dozi, kutoka miligramu 10 hadi 5, au aongeze moja ya jamii ya enalaprili au losatani, ambazo hupanua na njia ya kutokea. Prili, yaani jamii ya enalaprili, huleta kikohozi kikavu. Midomo au ulimi ukivimba, acha na ukimbie hospitali. Sisi weusi hilo hutupata zaidi. Mjamzito asiguse prili, wala jamii ya losatani. Yake ni metildopa.

Najua kwa nini Lasix inapendwa: inaonekana. Kinini kimoja, safari tano chooni, basi dawa kali! Lakini nguvu yake ni ya muda wa saa sita hivi, kisha figo zinajilipa kwa kushika chumvi. Ukila makayabu, samaki wa chumvi, jioni, umerudisha yote. Lasix ni ya moyo uliochoka na figo zilizochoka, mahali ambapo maji yamejaa kweli. Kwa tansio ya kawaida, hidroklorotiazidi, nayo ya kukojoza, inaishinda, ila maskini haina kelele, kwa hiyo wateja wanasema ni chokaa.

Na hapo nami nina donda langu. Shuleni tulifundishwa kwamba hidroklorotiazidi hushusha tansio kwa kutoa maji. Wiki za kwanza, sawa. Baadaye maji ya damu yanarudi karibu na pale yalipokuwa, na tansio inabaki chini. Kwa nini? Vitabu vinaandika "mishipa hulegea" halafu vinafungua sura nyingine. Sijaona aliyenieleza nikaridhika.

Mnaweza kuuliza kwa nini naing'ang'ania amlodipini. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa CREOLE: watu 728, nchi sita za Afrika. Amlodipini pamoja na hidroklorotiazidi, au pamoja na perindoprili (prili nyingine), ilishusha tansio kuliko hizo mbili bila yenyewe. Kongo haikuwemo katika sita hizo. Naazima majibu ya majirani.

Jambo jingine, kwenye kaunta sioni moyo wa mtu. Mwaka jana nilimhubiria baba mmoja hotuba hii yote, kumbe moyo wake ulikuwa umechoka na Lasix ndiyo iliyomsaidia, alipoandikiwa na aliyempima. Tangu hapo nauliza kwanza: unalalia mito mingapi? Unapumua vizuri ukilala chali? Uso unavimba asubuhi? Ni miguu yote miwili? Mmoja tu, tena unauma, huenda damu imeganda, na hiyo haingojei kesho.

Mama huyu analalia mto mmoja. Miguu yote miwili, na ilianza wiki tatu baada ya kupandishwa hadi 10. Nikamwandikia karatasi ampelekee daktari wake. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye kikwembe, akanishukuru sana. Kisha nikamwona akivuka barabara, moja kwa moja hadi kwenye famasi ya ng'ambo.