ICM si amri ya kucheza kwa woga

Siku hizi ICM (Independent Chip Model), hesabu ya thamani ya chipi katika mashindano ya poka, imekuwa jibu la kila swali mezani. Mtu katupa karata nzuri, anasema ICM. Mtu kakaa kimya mzunguko baada ya mzunguko mpaka blaindi (madau ya lazima, ndogo na kubwa, yanayozunguka kiti kwa kiti) zikammaliza, anasema ICM. Mwingine kamwona mwenzake anasukuma chipi zote na karata za ovyo, anamsuta kwamba hajui ICM. Wanaoanza kujifunza poka wanalipokea neno hivyo hivyo, wanajua tu kwamba maana yake ni "tulia, usijiingize hatarini". Maana yake si hiyo, na tofauti hii inawagharimu watu pesa.

Maana yenyewe ni fupi. ICM ni hesabu ya kukadiria chipi ulizo nazo katika shindano zina thamani ya pesa kiasi gani kwa sasa. Ukiipa chipi za kila mchezaji na jinsi zawadi zinavyogawanywa, inakurudishia kiasi cha pesa kwa kila kiti. Kazi yake inaishia hapo. Haikwambii utupe karata wala uitike dau la mwenzako. Inakutajia bei, uamuzi ni wako.

Hesabu hii haikuanzia kwenye karata. Mwaka 1973 mtakwimu David Harville alichapisha njia ya kukadiria nafasi ya farasi kumaliza wa pili au wa tatu, ukiwa unajua tu nafasi ya kila farasi kushinda. Alifanya hivi: chukulia farasi fulani ameshinda, mtoe, halafu waliobaki wagawane nafasi zote kwa uwiano ule ule waliokuwa nao. Rudia hivyo kwa kila anayeweza kushinda, kisha jumlisha. Mwaka 1987 mwandishi wa poka wa Marekani, Mason Malmuth, alilifikia wazo hilo hilo mwenyewe, safari hii kwa mashindano ya karata. Mahali pa farasi pakakaa mchezaji, na mahali pa nafasi ya kushinda pakakaa fungu lake la chipi. Mwenye robo ya chipi zote anahesabiwa kuwa na nafasi ya robo ya kuwa wa kwanza.

Tatizo lililoifanya ihitajike lilitokana na namna ya kugawa zawadi. Shindano kuu la World Series of Poker lililochezwa kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas, kuanzia 1971, lilikuwa la mshindi kubeba zote. Mwaka 1978 ndipo zawadi zilipoanza kugawiwa zaidi ya mtu mmoja. Mshindi akibeba zote, chipi na pesa huenda sambamba, ukiongeza chipi maradufu thamani yako nayo inaongezeka maradufu. Wa pili na wa tatu wakianza kulipwa, usawa huo unavunjika. Anayeshinda shindano humaliza na chipi zote, lakini hapewi pesa zote.

Tuchukue shindano la kawaida la meza moja, lile linaloanza mara viti vikijaa. Wachezaji tisa, kila mmoja katoa shilingi 10,000 na kupewa chipi 1,500. Mfuko ni 90,000: wa kwanza 45,000, wa pili 27,000, wa tatu 18,000. Mwanzoni chipi zako 1,500 zina thamani ya 10,000. Mkono wa kwanza kabisa, yaani mgawo wa kwanza wa karata, unamtoa mtu mmoja na chipi zake zote unazichukua wewe, sasa una 3,000. Je, una shilingi 20,000? Hapana, ICM inasema una 18,250. Zile 1,750 zimekwenda kwa watu saba waliokuwa wanatazama, kwa sababu tu mmoja wao kapungua. Ndiyo maana kuweka zote mkono wa kwanza kunahitaji uwe na karibu asilimia 55 ya kushinda, nusu kwa nusu haitoshi.

Hapo wengi hufunga daftari na kusema "basi, tucheze kwa kujihifadhi". Wanaachia hapo hapo palipoanza kuwa patamu.

Sogea mpaka wamebaki wanne. Mmoja akitoka bila kitu, watatu wote wanalipwa. Kila mmoja ana chipi 3,375, thamani yake 22,500. Blaindi ni 300 na 600. Wawili wa kwanza wametupa. Mwenye blaindi ndogo anasukuma zote, na mwenye blaindi kubwa ndiye wa kuamua. Ana mfalme na tatu, rangi tofauti, na anajua fika kwamba mwenzake anaweza kuwa na karata zozote.

Ukihesabu chipi peke yake, jibu ni rahisi. Anatakiwa kuongeza 2,775 ili apiganie jumla ya 6,750, kwa hiyo akiwa na asilimia 41 ya kushinda inatosha. Mfalme na tatu dhidi ya karata zozote hushinda zaidi kidogo ya nusu. Kwenye meza ya pesa taslimu, ambako chipi ni pesa yenyewe, angeitika bila kuwaza mara mbili.

Sasa hesabu pesa. Akitupa, anabaki na chipi 2,775 ambazo bado zina thamani ya takriban 19,800. Akiitika na kushinda anafika 34,500, na akishindwa anaondoka mikono mitupu. Gawa 19,800 kwa 34,500 unapata asilimia 57. Kizingiti kimeruka kutoka 41 hadi 57, na mfalme na tatu hafiki huko. Karata ni ya kutupwa, na anayeitupa yuko sahihi.

Lakini nenda ukae kwenye kiti cha pili, cha yule aliyesukuma. Hapa ndipo panaponiumiza, kwa sababu karibu kila anayelitaja neno hili hukaa kwenye kiti kimoja tu. Mwenye blaindi ndogo akitupa, anabaki na thamani ya kama 21,200. Akisukuma na mwenzake akatupa, anafika karibu 25,000. Chukulia mwenzake anaitika robo ya mikono yake (karata anazoweza kugawiwa), ile mizuri tu, na kwamba akiitikiwa yeye hushinda mara moja katika tatu. Wastani wake unakuwa takriban 21,600. Ni zaidi ya 21,200, na hatujauliza ameshika karata gani. ICM ile ile iliyomwambia jirani yake atupe ndiyo inayompa yeye ruhusa ya kusukuma, tena na karata ambazo mtu akiziona zimefunuliwa atacheka.

Kwa hiyo hesabu hii haimwogopeshi kila mtu sawasawa. Inamwekea bei kubwa anayeitika, na bei hiyo humnufaisha anayeanza. Anayesukuma ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au karata zake zishinde. Anayeitika ana moja. Ukijifunza nusu ya kuitika ukaacha nusu ya kusukuma, umejifunza kuwapa wenzako blaindi zako.

Wale wawili waliotupa mapema nao watazame. Ikiwa pambano limetokea na mmoja katoka, kila mtazamaji anapanda kutoka 22,500 hadi 27,750 bila kugusa karata. Aliyeshinda pambano kapata 12,000, watazamaji kwa pamoja wamepata 10,500. Ndiyo maana mchezaji mzoefu mwenye chipi za wastani hufurahi kuona wawili wanagombana, na huwa mgumu sana kuingia ugomvi huo yeye mwenyewe. Mwenye chipi nyingi kuliko wote ana hali nyingine: akishindwa bado yupo mezani, hivyo anaweza kuwasukuma wenye chipi za kati mkono baada ya mkono. Wa kati ndio wanaobanwa zaidi, hasa ikiwa kuna mtu mwenye chipi chache mno ambaye blaindi zinakaribia kummeza. Mwenye chipi chache naye hana mengi ya kulinda, na kumwambia "subiri, ICM" ni kumwambia asubiri aishiwe.

Pia tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. ICM haijui umekaa kiti gani. Haijui kwamba mkono unaofuata blaindi kubwa inakufikia wewe. Haijui nani mahiri na nani kaja jana. Inawachukulia wote kuwa sawa na kuhesabu chipi tu. Programu za kukokotoa zinaifanya kazi hiyo kwa sekunde, lakini kukisia jirani yako anaitika mikono mingapi bado ni juu yako, na ukikisia vibaya majibu yote yanaharibika. Kuna watu ambao hawatupi chochote, hata mlangoni pa zawadi. Kwa hao, punguza kusukuma ovyo na usubiri karata yenye nguvu. Hesabu haijabadilika, kilichobadilika ni mtu aliye mbele yako.

Na kuna mahali ambapo neno hili halina kazi kabisa, ndipo ninaposikia likitumiwa zaidi: wakibaki wawili. Hapo kila mmoja ameshajihakikishia 27,000 ya wa pili. Kinachogombaniwa ni zile 18,000 za tofauti, na zote zinakwenda kwa mtu mmoja, kama ilivyokuwa Las Vegas kabla ya 1978. Chipi na pesa zinarudi kuwa sambamba. Asilimia 41 ya chipi ni 41 ya pesa, na kizingiti cha 57 hakipo tena.

Basi ndugu yangu uliyetupa ree na tisa mkiwa wawili tu, mpinzani akiwa anasukuma kila mkono, ukaeleza kwamba ulizuiwa na ICM: haikukuzuia. Ungeifungulia hesabu pale, ingekutajia bei ile ile inayotajwa na chipi. Ile karata ilikuwa ya kuitika.