Uso wa kiini chepesi si jambo la pembeni

Hapa Dodoma ukitaja fizikia ya viini vya atomu, watu huanza kuulizia urani, maana Bahi na majirani zetu wa Manyoni wameshaona watafiti wakiitafuta ardhini mwao. Swali zuri, ila kazi yangu iko upande mwepesi wa jedwali la elementi: lithiamu, beriliamu, kaboni. Huku ndiko uso wa kiini unakotusumbua.

Mwaka 1935 mwanafizikia Mjerumani Weizsäcker alikokotoa nishati ya kiini kana kwamba ni tone la kimiminika. Kila protoni au nyutroni huchangia takriban MeV 16 (elektronivolti milioni 16, kipimo cha nishati) za mfungamano, yaani nishati inayokishikilia kiini pamoja. Zilizo usoni zina majirani wachache, kwa hiyo tunatoa takriban MeV 18 mara idadi ya chembe iliyopewa kipeo cha 2/3. Kwa urani-238 (yenye protoni na nyutroni 238 kwa jumla), makato hayo ni kama asilimia 18 ya mchango wa kwanza. Kwa kaboni-12 ni karibu nusu! Mtu akiniambia uso ni sahihisho dogo, namwomba apige hesabu hiyo mwenyewe.

Tena uso wenyewe hauna mpaka mkali. Mwanafizikia Hofstadter alivirushia viini elektroni pale Stanford, Marekani, akaona chaji ikififia kidogo kidogo: kutoka asilimia 90 ya msongamano wa katikati hadi asilimia 10 ni kama femtomita 2.4 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵). Kwa kanuni ya kawaida, nusukipenyo cha urani ni femtomita 7.4 na cha kaboni ni 2.7 tu. Sasa hapo ndani ni wapi na usoni ni wapi?

Kinachoamua urefu wa mkia wa nje, yaani sehemu hiyo inayofifia, ni nishati inayohitajika kuing'oa nyutroni ya mwisho. Kaboni-12 inadai MeV 18.7, na wimbi la nyutroni hiyo (linaloonyesha inapoweza kupatikana) hushuka hadi kama theluthi kila femtomita 1.1. Beriliamu-11 inadai MeV 0.5 pekee, mshuko uleule huchukua karibu femtomita 7, yaani nyutroni hukaa mbali sana na wenzake. Lithiamu-11 nayo ina nyutroni mbili za namna hiyo, na ukubwa wake usiotarajiwa ulipimwa na mwanafizikia Mjapani Tanihata na wenzake huko Berkeley, Marekani, mwaka 1985.

Kwa sababu hiyo sipendi kuviwakilisha viini hivi kwa mawimbi machache ya kitetemeshi sahili (mfano wa chembe iliyofungwa kama kwenye springi), ingawa ni mepesi kukokotoa. Mikia yake hufa upesi mno kuliko mkia halisi. Nishati inaweza kutoka nzuri kabisa huku nusukipenyo kikiwa kifupi, na anayetazama nishati peke yake hatagundua. Ninachowasisitizia wanafunzi ni kuchora msongamano kwa skeli ya logi hadi femtomita 15 au 20, kisha kupima mteremko wa mkia dhidi ya nishati ya kung'oa nyutroni. Visipolingana, nusukipenyo hicho hakiandikwi kwenye tasnifu.