Sahihi ya sheha si kibali cha mtambo wa upepo

Wiki hii tena. Mzee wa Makunduchi, hapa Zanzibar, kanipigia simu: mwanawe aliyeko Uarabuni anataka kusimamisha mtambo mkubwa wa upepo shambani, sheha keshatia sahihi, "imebaki wewe kuja kupima tu, mwanangu." Nilimjibu kwa adabu. Hapa sitajikaza hivyo.

Sheha anakujua wewe na anaijua mipaka ya shamba lako. Sahihi yake inashuhudia hayo, basi. Leseni ya kuzalisha umeme wa kuuza iko ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Mazingira ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Na msinitajie EWURA, mdhibiti wa nishati na maji: hiyo ya Bara, umeme si jambo la Muungano. Usafiri wa anga ndio wa Muungano, kwa hiyo urefu wa mlingoti utaulizwa na watu wengine kabisa. Ardhi nayo ni ya umma, wewe una haki ya kuitumia. Haya yapite.

Kinachonichosha ni hii "shamba langu, upepo wangu." Chukua eka tatu. Zikiwa mraba, kila upande ni mita 110 hivi. Simamisha katikati mtambo wa mita 100 mpaka ncha ya panga: kufika kwa jirani ni mita 55. Ukianguka, ncha iko kwenye mihogo yake. Tena kuanguka ni nadra. Kelele, na kivuli cha panga kinachopita dirishani jua likichwa, ni vya kila siku.

Denmark wanataka nyumba ya jirani iwe mbali mara 4 ya urefu wa mtambo. Bavaria, kule Ujerumani, mwaka 2014 waliweka mara 10, ingawa baadaye wamelegeza. Mara 10 kwa mtambo wetu ni kilomita moja kila upande, duara la eka zaidi ya 770. Nichoreeni duara hilo ufukweni baina ya Paje na Jambiani lisiguse nyumba wala hoteli, nitawapa mshahara wangu.

Mimi kwenye ripoti zangu za upimaji huandika mara 4, na sina raha nayo. Mdenmark hulala kafunga kioo. Kwetu dirisha liko wazi usiku kucha, na wakati wa joto kuna wanaolala barazani. Namba ile haikupimwa kwa masikio yao.

Nikamuuliza mzee, jirani yako nani?

"Shemeji yangu. Lakini hatusemezani."