Nyama za Puani na Kipimo cha MRI: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mwezi Julai, baridi inapokaza kule Uyole, Mbeya, na mafua yakizunguka nyumba hadi nyumba, mzazi humsikia mwanawe akikoroma mdomo wazi, na kabla hajafika kwa daktari, jirani ameshamwambia kwamba bila MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, nyama za puani hazijulikani. Si kweli. Nyama hizo, yaani adenoidi, zimekaa nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, mahali ambapo tochi haifiki. Hata hivyo, kwa watoto walio wengi, eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu au kamera nyembamba inayopitishwa puani hutosha.

Wapo wanaoiogopa MRI kwa sababu ya mionzi, wakiichanganya na eksirei na CT scan. MRI hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, ndiyo maana hereni, pini za nywele na hata sarafu iliyosahaulika mfukoni huachwa nje. Ugumu wake uko kwingine: mashine hugonga kwa kelele, kipimo huweza kufika nusu saa au zaidi, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kutulia muda wote huo, hivyo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi au hata nusu kaputi. Kwa mtoto ambaye njia yake ya hewa tayari imebanwa, usingizi huo si jambo dogo, na kwa maoni yangu ndio wa kuulizia kabla ya bei.

Dhana iliyo ngumu kung'oka ni kwamba nyama ikionekana kubwa kwenye picha lazima ikatwe. Adenoidi hunenepa utotoni na kusinyaa kuelekea balehe, na mara nyingine hugunduliwa kwa bahati tu katika MRI ya kichwa iliyoagizwa kwa sababu nyingine. Daktari huangalia zaidi iwapo mtoto hukatikiwa na pumzi usiku, au iwapo masikio yamejaa maji na usikivu umepungua; video fupi ya simu, iliyochukuliwa mtoto akiwa amelala, humsaidia sana.

MRI huhitajika hasa panapokuwa na shaka ya uvimbe mwingine. Kijana wa kiume anayetokwa damu puani mara kwa mara, huku upande mmoja umeziba, huenda ana uvimbe wenye mishipa mingi ya damu, ambao ukikatwa kipande ovyo humwaga damu nyingi. Hapo picha hutangulia kisu.