Me Before You: maswali ninayoulizwa mimi daktari wa mazoezi, na ninavyoyajibu

Filamu ya Me Before You ilitoka mwaka 2016, lakini hapa Mbeya bado inazunguka kwenye flashi za wanafunzi na simu za wauguzi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa wananiita daktari wa mazoezi, na wengi wao wameumia uti wa mgongo: vijana wa bodaboda, matingo wa malori ya njia ya Tunduma, wengine wameanguka kutoka kwenye miti ya parachichi kule Rungwe. Ndiyo maana watu wakiitazama wananitafuta. Wa karibuni ni mke wa mgonjwa: "Daktari, yule kaka alipendwa vile, bado akaenda kufa. Kwa nini?"

Kwa ambaye hajaiona: Will Traynor ni kijana tajiri wa Uingereza aliyegongwa na pikipiki akavunjika shingo. Mama yake anamwajiri Louisa Clark, binti wa familia ya kawaida, awe anashinda naye. Will amewapa wazazi miezi 6, baada ya hapo ataenda Uswisi, ambako mtu anaruhusiwa kusaidiwa kufa. Louisa akigundua, anafanya kila awezalo kumrudishia hamu ya kuishi. Wanapendana kweli. Will anaenda Uswisi vilevile, na Louisa anaachiwa fedha za kuanzia maisha mapya.

Ilipozinduliwa London, watu wenye ulemavu waliandamana. Walisema inamfanya mtazamaji aone kifo cha mwenzao kama zawadi kwa walio wazima. Nakubaliana nao, ila mimi nilianza kuumia mapema zaidi, pale Will anapolishwa kwa kijiko.

Katika riwaya ya Jojo Moyes iliyozaa filamu hii, Will ameumia kwenye pingili ya tano na ya sita ya shingo. Mtu wa jeraha hilo mara nyingi anakunja kiwiko, na neva ya sita ikiwa imesalimika, anainua kifundo cha mkono. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Legeza mkono wako sasa hivi, kisha inua kifundo taratibu: vidole vinajikunja vyenyewe. Shusha kifundo, vinafunguka. Ni kano tu zinavutana, vidole havijaamriwa na ubongo. Kwa mshiko huo mtu aliyepooza anashika kikombe cha plastiki, mswaki, simu, na kijiko ambacho mpini wake tumeunenepesha kwa kipande cha ndala kuukuu. Kwa hiyo nawaomba sana ndugu: msinyooshe vidole vya mgonjwa huku kifundo kimeinuliwa. Mnafanya kwa upendo, lakini kano zikilegea, mshiko umekwenda.

Mshiko hauwezi kumtoa mtu kwenye wazo la kufa, hilo nalijua. Lakini filamu imempa Will nyumba isiyo na ngazi, muuguzi wake, gari linaloingiza kiti mwendo, halafu ikamnyima rafiki hata mmoja aliyepooza kama yeye. Vikwazo vyote vya nje vimeondolewa, kwa hiyo mtazamaji anabaki na sababu moja tu ya kufa, nayo ni mwili wenyewe.

Kwetu ni kinyume. Mgonjwa akiniambia "bora nife", simkemei wala simhubirii. Namuuliza amechoka nini hasa. Majibu huwa ya karibu sana: harufu ya kidonda, mpira wa mkojo unaoziba usiku, mama mtu mzima anayeamka kila saa mbili kumgeuza, aibu ya kusafishwa na shemeji. Kijana mmoja wa Rungwe, ambako mvua ikianza kiti mwendo hakivuki uwanja wa nyumba, aliungua miguu kwenye baridi ya Juni kwa sababu ndugu walimsogezea jiko la mkaa apate joto. Hakuhisi kitu. Kidonda kilipoanza kuoza akaacha kula na akasema wazi kwamba hataki kuishi. Kilimchukua miezi kupona, na wajomba zake wakachimba njia ya kufika barabarani. Siku hizi anachaji simu za watu na kuuza vocha. Zipo siku anaamka vibaya, lakini kufa hajakutaja tena.

Yule mke wa mgonjwa nilimjibu hivi: Louisa alibebeshwa peke yake kazi ya kumwokoa mtu, na hapa wake za watu wanabebeshwa hivyohivyo, mgonjwa akikata tamaa wanaambiwa hawakumpenda vya kutosha. Mapenzi hayazuii kidonda cha mgongo. Godoro zuri na kugeuzwa kwa zamu vinazuia.

Kisha akauliza lile la chumbani, ambalo wengi wananiuliza kwa kunong'ona koridoni. Will anaamini atamnyima Louisa ambayo mwanaume mwingine angempa. Si lazima iwe hivyo. Wanaume wengi walioumia shingoni uume bado husimama kwa kuguswa, kwa sababu neva zinazohusika ziko chini kabisa ya jeraha. Kupata mtoto huhitaji msaada wa daktari mara nyingi, lakini kunawezekana. Hili lilipaswa kusemwa wodini, kwa wote wawili, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Sitasema kila anayetaka kufa amekosa godoro. Ramón Sampedro, baharia wa Galicia huko Hispania, alivunjika shingo mwaka 1968 akiruka majini, akiwa na miaka 25. Alitunzwa vizuri na mke wa kaka yake, alipendwa, akaenda mahakamani kudai haki ya kufa, na hakubadili msimamo hadi alipokufa mwaka 1998. Hispania ilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo mwaka 2021. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwambia hakujua alichotaka. Ninachokataa ni kumtumia kama kipimo cha wengine. Hapa Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na hata kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo mgonjwa anaficha wazo lake hadi limekomaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomuahidi huduma na majengo anayoweza kuingia, wagonjwa wangu wengi hawajawahi kuisikia.

Habari ya Sampedro iko kwenye filamu ya Mar adentro ya mwongozaji Alejandro Amenábar, ya mwaka 2004, iliyoshinda Oscar. Mle ndani padri aliyepooza anakuja kubishana naye, kiti chake kinashindwa kupanda ngazi, wanabaki wakipigiana kelele ghorofa mbili tofauti. Ukiwa na muda wa filamu moja tu, tazama hiyo. Na kama nyumbani kuna mgonjwa, muulize kwanza kama anataka mtazame pamoja. Akikubali, usizime na kwenda kulala kabla hajasema alichofikiri.