Mtoto Mchanga Anaona: Dhana Potofu Kuhusu Machungu ya Mama

"Mtoto mchanga hajui kitu." Utaisikia Majengo, utaisikia Kisauni kwenye benchi la kliniki, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha wakaze uso, wasicheke wala kuitika. Mtoto hutabasamu, hupiga kelele, hunyoosha mikono. Asipojibiwa hugeuza uso, analia. Hayo ni ya dakika chache tu. Mama mwenye mfadhaiko, ile huzuni nzito isiyoondoka, hakazi uso makusudi. Anamwogesha mwanawe, anamnyonyesha, ila hayupo. Hali hiyo ikidumu miezi, mtoto aweza kuchelewa kusema, hata uzani ukasuasua.

"Yalishapita, amesahau." Likoni, Mombasa, kuna wanawake waliokuwa wasichana wadogo machafuko ya Agosti 1997 yalipozuka. Leo ni mama. Mwenye jeraha la aina hiyo, mlango ukibamizwa tu hushtuka. Mtoto akichelewa kutoka madrasa humfokea, kesho humfungia ndani. Mtoto atajifunza woga huo bila kusimuliwa chochote.

Je, mtoto wa mama aliyeumia ndiyo basi tena? Hapana. Hatari huongezeka, lakini nyanya, baba au khalati anayemjibu na kucheza naye kila siku hupunguza mengi. Ndiyo maana naipenda arobaini yetu, zile siku arobaini baada ya kujifungua: mzazi anakandwa, anapikiwa, hakai peke yake. Kasoro ni kwamba arobaini ikiisha wageni hutoweka, na mfadhaiko waweza kuanza mwezi wa nne.

Wengine husema ni jini. Sibishani na kisomo. Asomewe, na hospitali apelekwe pia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa mfadhaiko. Hao wote wana majini?

Na si lazima daktari bingwa. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa mitaani walifunzwa kuwatembelea na kuzungumza na mama wenye mfadhaiko. Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa kiwango cha walioendelea kuugua kilikuwa chini ya nusu ya kile cha wenzao ambao wahudumu wao hawakufunzwa hivyo.

Dawa nazo? Sertraline, kwa mfano, ambayo ni dawa ya mfadhaiko, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno. Kabla ya kumwachisha mtoto ziwa kwa maneno ya jirani, muulize daktari.