Mafuta yakipata njia ya pembeni

Msimu wa korosho hapa Mtwara jenereta hazipumziki. Katika msimu mmoja niliitwa kiwandani kuangalia kipoza mafuta cha jenereta kilichogoma kupoza. Mirija ilikuwa imeshaoshwa mara tatu. "Kaka, hiki ni kidogo, tununue kikubwa," msimamizi akaniambia. Nikamwomba kwanza kitita cha mirija kitolewe kwenye ganda, yaani bomba kubwa linalokizunguka.

Ndani ya ganda kuna mabamba yanayopishana, juu na chini, ili mafuta yakatize mirija inayoyapoza badala ya kunyooka moja kwa moja. Bamba haliwezi kulibana ganda kabisa, maana kitita lazima kiingie na kutoka. Kwa ganda la milimita 300, viwango vya TEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya aina hii, vinataka tofauti kati ya kipenyo cha ndani ya ganda na cha bamba isizidi kama milimita 3.2. Venia yangu, kifaa cha kupimia vipenyo, ilisoma 8. Mabamba yale yalikuwa yamechongwa upya, na aliyeyachonga aliyapunguza ili yaingie bila taabu.

Milimita 8 inasikika ndogo, basi tupige hesabu. Bamba lililokatwa robo ya kipenyo chake hukabiliana na ganda kwa theluthi mbili ya mzingo. Upenyo huo, yaani nafasi kati ya bamba na ganda, unafika kama sentimita 25 za mraba; kwa 3.2 ungekuwa 10. Njia halali, katikati ya mirija ya inchi robo tatu iliyopangwa kila inchi moja, mabamba yakiachana milimita 100, ni kama sentimita 75 za mraba. Na mafuta hayagawanyiki kwa haki: yanayogusa mirija hupoa yakawa mazito, ya pembeni hubaki ya moto na mepesi, yakazidi kukimbilia upenyoni.

Mhandisi Townend Tinker aliipa mikondo hii ya mafuta herufi mwaka 1951. Mkondo A hupenya kati ya mrija na tundu la bamba, na huo angalau unaugusa mrija. Mkondo E, wa pembeni ya ganda, haugusi mrija hata mmoja. Huo ndio ninaouogopa kuliko yote.

Fundi wa pale alishauri tuongeze mabamba ili mafuta yaende kasi. Nilikataa kwa nguvu. Ukiyasogeza hadi milimita 60, njia halali inashuka hadi 45, lakini upenyo unabaki 25 uleule, na msukumo wa kupenya pale unapanda. Unalipia pampu, mafuta yanaendelea kutoroka.

Tukapima kipenyo cha ndani ya ganda sehemu sita, kwa sababu bomba lililokunjwa na kuchomelewa huwa si duara kamili. Ile ndogo kuliko zote ndiyo tuliyoifuata. Mabamba mapya tukayafunga pamoja, tukayachonga kwa mara moja kwenye lezi. Kitita hakikuteleza kama zamani. Wanaume wanne walikisukuma taratibu, huku mmoja akiinua ncha ya kitita. Kipoza ni kilekile, mirija ni ileile, na jenereta ikafanya kazi zamu nzima bila kengele ya joto kulia.